Muhula wa Sikio la Plasta

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Nimerudi darasani baada ya miaka sita ya kustaafu. Mwalimu wa sayansi amejifungua, na mwalimu mkuu, ambaye zamani nilimfundisha kuhesabu meno yake mwenyewe, alikuja nyumbani kuniomba. "Muhula mmoja tu, Mama. Mwili wa binadamu na usafi. Nani anayeyajua haya kama wewe?" Sifa ni tamu hata kwa mzee. Nilijifanya kufikiri mpaka chai ikaisha, kisha nikakubali.

Darasa lina wanafunzi arobaini na mmoja, wengi wa miaka kumi na miwili. Kabatini nimelikuta sikio langu la plasta, kubwa kama mkate. Linafunguka vipande: mfereji wa nje, kiwambo kinachotetema kama ngozi ya ngoma, vifupa vitatu nyuma yake, kisha kile kiungo cha ndani kilichojizungusha kama konokono. Kiwambo kimebanduka. Nimelibeba nyumbani ili mume wangu, fundi seremala aliyestaafu, akigundishe.

Amelizungusha mikononi. "Sikio lote hili, na halisikii. Limefanana na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Unaona? Hata hilo hujasikia."

Wiki ya kwanza, Ijumaa

Nimewatangazia ukaguzi. Nilifanya hivi kwa miaka thelathini na minne na sioni sababu ya kuacha. Kila Jumatatu, kabla ya somo, mikono juu ya dawati, viganja chini, kisha viganja juu. Mimi napita na daftari langu na kalamu nyekundu: kucha, kola, meno, masikio, leso. Atakayepungukiwa anakwenda kwenye bomba nyuma ya darasa na kurudi baada ya dakika tano. Hakuna fimbo. Maji yanafundisha kuliko fimbo.

Jina langu la utani limefufuka wiki hii: Bibi Sabuni. Wanadhani silijui. Nalipenda.

Wiki ya pili, Jumatatu

Ukaguzi wa kwanza. Tisa wamekwenda bombani.

Kwenye dawati la pili kuna msichana mwembamba ambaye wenzake hukaa karibu naye wakiziba pua. Harufu ipo, siwezi kuikana: nzito, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Cha ajabu, kola yake ni nyeupe, sare imepigwa pasi, kucha zimekatwa. Nikamgeuza kichwa. Ndani ya sikio la kulia amechomeka kipande cha kitambaa kilichoviringwa.

"Hiki nini?"

Alinitazama mdomo.

"Nakuuliza wewe."

"Kitambaa, Mwalimu."

"Sikio limekuwa kabati la nguo?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikafurahi. Mzee akichekesha watoto huhisi magoti yamepona. Nikakichomoa, nikamwambia aoshe sikio lote kwa sabuni. Alipokuwa nje nikaitumia nafasi hiyo kuwaeleza wengine habari za tezi za jasho, na kwamba harufu ni ombi la ngozi kutaka maji. Aliporudi na kichwa kikichuruzika, macho ya watoto arobaini yalikuwa yakimsubiri.

(Naongeza hapa wiki ya saba. Nilitaka kuurarua ukurasa huu. Mzee wangu amesema, "Ukiurarua, utabaki nao kichwani tu, na huko utaupamba." Basi ukae. Nilikiona kitambaa. Sikukitazama. Nilikishika kwa ncha za vidole viwili na kukitupa, na hata sikuangalia kililowa nini.)

Wiki ya pili, Jumanne

Wamempa jina: Tezi. Nimewakataza. Nilitabasamu nikiwakataza, na watoto husoma uso kabla ya maneno.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Harufu haijaisha. Nikaona ukali hautoshi, wema utasaidia. Nimemletea kipande kipya cha sabuni nyeupe, nimekifunga kwa karatasi safi na kumkabidhi mbele ya darasa ili wote waone kwamba uchafu si dhambi, ni jambo lenye dawa.

"Kila asubuhi kabla ya kengele, bombani. Uso, shingo, masikio ndani na nje. Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Kisha tukaandika ubaoni kanuni tano za usafi wa mwili. Ya pili: *Osha masikio kwa maji na sabuni kila siku.* Wameinakili wote kwa mwandiko mzuri.

Mwenzake wa dawati ameomba kuhama. Badala ya kumhamisha yeye nimemhamisha msichana, akakae peke yake dawati la mwisho, karibu na mlango, penye hewa. Nilimwambia kwa upole kabisa.

Wiki ya tatu, Alhamisi

Mvua zimeanza. Paa la bati. Nafundisha kwa kupayuka.

Wiki ya nne, Jumatano

Kutoka dirisha la chumba cha walimu namwona kila asubuhi. Anainamisha kichwa chini ya bomba, anaacha maji yajae sikioni, anasugua kwa kidole chenye povu, anajitikisa kama kifaranga. Hajakosa hata siku moja. Nimemwonyesha mwalimu mkuu. "Unaona? Mtoto akielekezwa anafuata."

"Ndiyo maana nilikuja kukuita, Mama."

Ila darasani ananiudhi. Nikimwita mara ya kwanza haitiki. Ya pili haitiki. Ya tatu wenzake wanageuka kumtazama, ndipo anainuka, na jibu lake ni la swali jingine. Kwenye daftari, safu ya mwenendo, nimemwandikia: *Kiburi.*

Leo pia nimekamilisha mtihani wa mwisho wa muhula pamoja na karatasi ya majibu, nikaikabidhi ofisini ikachapwe. Sipendi kufanya mambo dakika ya mwisho.

Wiki ya tano, Jumanne

Somo la sikio. Mvua ilitulia kidogo, nikasema leo tutapima. Nilikuwa na saa ya mezani ya mzee wangu, ile ya kutia ufunguo, inayogonga kama mtu anayetafuna karanga. Mwanafunzi anakaa kitini mbele, anafumba macho, anaziba sikio la kushoto. Mimi nasimama nyuma na kuisogeza saa taratibu kuelekea la kulia. Akiisikia anainua mkono. Mwenzake anapima umbali kwa rula.

Watoto walifurahi. Ikafika zamu ya Tezi. (Nami nimeliandika jina hilo. Sikugundua mpaka wino ulipokauka.) Niliisogeza saa, na ilipofika kama shubiri moja akainua mkono. Vizuri. Akafuata mwingine. Nikasogeza, nikasogeza, mpaka saa ikagusa nywele.

"Mwalimu, hailii," akasema.

Kweli. Ilikuwa imesimama. Nikauliza imesimama tangu lini. Walio mbele wakapiga kelele kwa pamoja: "Kabla ya Tezi! Tulisikia ikinyamaza, tukakaa kimya tuone!"

Kicheko kikapasua chumba. Nikamsimamisha.

"Ulisikia nini?"

Ananitazama mdomo.

"Saa ilikuwa imekufa. Ulisikia nini?"

"Nilihisi mkono wako umekaribia, Mwalimu. Nikadhani ndilo jibu unalotaka."

Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba katika sayansi hakuna kosa kubwa kuliko kudanganya kipimo. Neno nililotumia ni *muongo*. Akarudi dawatini kwake karibu na mlango, na mvua ikaanza tena.

Sikio la plasta lilikuwa mezani muda wote huo. Nilikuwa nimeliweka upande ule wenye kiwambo ili kila mtu akione.

Wiki ya tano, Ijumaa

Nimeota saa. Si ndoto ya kueleza. Nimemsimulia mzee wangu kisa cha saa nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Mtu ambaye hakusikia saa iliyosimama," amesema, "huenda hata inayotembea haisikii."

"Anasikia. Nikimwita mara ya tatu anaitika."

"Mara ya tatu anakuitikia wewe, au anawaitikia wale wanaogeuka kumtazama?"

Nilimwambia aniachie kazi yangu kama mimi ninavyomwachia randa zake.

Wiki ya sita, Jumatatu

Hakuja. Ukaguzi umekwenda haraka. Hewa safi.

Wiki ya sita, Jumanne

Hakuja. Bomba la nyuma ya darasa linavuja. Kwenye ukingo wa saruji nimekikuta kile kipande cha sabuni, kimebaki chembamba kama ukucha. Nimekitia mfukoni, sijui kwa nini.

Wiki ya sita, Jumatano

Hakuja. Kesho nitakwenda kwao.

Wiki ya sita, Alhamisi

Nimeona niandike yote leo, maana kesho nitaanza kujitetea.

Anaishi na shangazi yake, mshonaji, katika chumba kimoja chenye cherehani mlangoni. Chini ya cherehani kuna kikapu cha vipande vya vitambaa. Nilivitambua kabla hata sijasalimia.

Shangazi hakuacha kukanyaga cherehani mara moja. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akainuka.

"Karibu, Mwalimu. Mwanafunzi wako msafi yuko ndani."

Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, anachemka. Nyuma ya sikio la kulia pamevimba hadi sikio lenyewe limesukumwa mbele, kama mlango ulioachwa wazi. Usaha ulikuwa umelowesha mto. Ile harufu, niliyoihubiria darasa zima, ilikuwa imejaa chumba, na sasa nikaijua. Nimeifundisha. Iko kwenye kitabu changu, sura ya tisa: sikio linalotoa usaha hunuka, lisitiwe maji. Kwa miaka thelathini na minne nimewasomesha watoto sentensi hiyo. Lakini niliitunza katika sura ya tisa, na mtoto alikuja kwangu katika sura ya pili, sura ya usafi.

"Sikio linamsumbua tangu utotoni," shangazi akasema. "Linavuja, linakauka. Tulikuwa tunaliziba kwa kitambaa ili lisichafue kola. Lilikuwa linakaa hata miezi bila shida. Kisha akaja na sabuni. Nikamwambia, mwanangu, maji hapana. Akaniambia, Shangazi, Mwalimu amesema. Mimi nani nibishane na mwalimu? Niliishia darasa la nne."

Nilisema twende zahanati, na kwamba nitamshika mkono mmoja.

Tabibu ni kijana mwenye miwani. Alimulika sikio kwa kitaa chake kidogo, kwa muda mrefu, kwa utulivu. Ilimchukua dakika mbili. Ndizo dakika ambazo mimi sikuwa nazo kwa wiki tano.

"Kiwambo kimetoboka zamani," alisema. "Si jambo geni, wapo wengi. Ila hapa uchafu umepenya hadi kwenye mfupa wa nyuma. Ni lazima aende hospitali kubwa leo, wakamkamue. Likiachwa linaweza kufika kwenye ubongo." Kisha akauliza, "Maji yamekuwa yakiingia humu?"

"Kila siku," shangazi akasema.

"Kila siku! Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

Nilitazama ukutani. Palikuwa na picha ya mikono inayonawa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, hilo naweza kuapa, lakini hakikutoka kitu, na shangazi alinitazama, akaona kwamba hakitatoka.

"Ni mambo ya usafi tu, daktari," akasema.

Alinifunika. Mwanamke niliyemtesea mtoto alinifunika kama anavyofunikwa mgeni aliyevukwa na nguo, na mimi nikakubali kufunikwa.

Wiki ya saba, Jumatatu

Wamemfanyia upasuaji mdogo. Homa imeshuka. Hakuna anayesema lolote kuhusu kusikia.

Sikufanya ukaguzi. Nimewaambia kalamu nyekundu imekauka.

Wiki ya saba, Alhamisi

Nimekwenda hospitali. Kichwa chake kimefungwa bendeji. Nilikaa upande usiofaa nikaongea dakika kadhaa kabla ya kugundua. Nikazunguka kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia.

Nilimwambia: nilikosea. Kuhusu maji, kuhusu kiburi, kuhusu saa. Nilieleza sana, kama kawaida yangu, mpaka nikafika kwenye vifupa vitatu. Akanisikiliza kwa adabu.

"Saa ile," akasema, "inalia vipi?"

"Kama mtu anayetafuna karanga."

Akacheka kidogo, na bendeji ikamuuma.

Wiki ya nane

Mvua. Nimemwambia mwalimu mkuu kila kitu. Akasema, "Mama, hukujua." Nikamwambia ndilo tatizo lenyewe, nilijua. Akaniomba nisiliseme darasani. Wazazi watapaza sauti. Nilipumua kwa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo ninayoiandika hapa.

Wiki ya tisa, Jumatatu

Amerudi. Sikio la kushoto zima. La kulia, wamesema, litasikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta, na hawaahidi zaidi. Nimempa dawati la mbele upande wa dirisha, ili sikio zuri linielekee. Wenzake hawakuambiwa kwa nini. Mmoja amenong'ona, "Tezi amepandishwa cheo."

Nilipanga kusema leo. Nitasema kesho.

Wiki ya tisa, Jumanne

Mvua kubwa. Wasingenisikia.

Wiki ya tisa, Ijumaa

Kulikuwa na mgeni shuleni.

Wiki ya kumi

Marudio ya mtihani. Muda haukutosha. Mzee wangu ameniuliza, "Umeshasema?" Nikamjibu kwamba bado natafuta maneno. "Mbona ya kumwambia aoshe hukuyatafuta?"

Wiki ya kumi na moja, Jumatano

Mtihani umefanyika. Nilikuwa nimesahau swali la saba. Nilipoigeuza karatasi pale darasani, nililiona, limechapwa vizuri: *Taja njia moja ya kutunza masikio.* Na katika karatasi ya majibu iliyo ofisini, kwa mkono wangu: *Kuyaosha kwa maji na sabuni kila siku.*

Ningeweza kusimama wakati ule. Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa kimya, na hata mvua ilikuwa imekatika. Nilitembea kati ya madawati nikiwaambia wasitazamiane.

Wiki ya kumi na moja, Ijumaa

Nimesahihisha. Wote arobaini wameandika nilichowafundisha. Karatasi yake niliiweka mwisho, nikidhani yeye angalau ataandika la kweli, na kwamba nitampa alama kamili, na kwamba kwa namna fulani hiyo ingetosha.

Ameandika: *Kuyaosha kwa maji na sabuni kila siku.* Kwa mwandiko wake bora.

Wiki ya kumi na mbili, Jumatatu

Nilimwita wakati wa mapumziko. Nikasimama upande wa kushoto.

"Swali la saba. Unajua jibu hilo si kweli."

"Najua, Mwalimu."

"Mbona umeliandika? Ulitaka alama?"

"Hapana, Mwalimu." Akakunja ncha ya kola. "Karatasi zinarudishwa. Wangeona yangu iko tofauti, wangeuliza. Halafu wangejua habari yako." Akafikiri. "Nilikusitiri tu."

Nilimvua kitambaa sikioni mbele ya watu arobaini. Yeye ana miaka kumi na miwili, na amekuwa akinishikia kitambaa changu mahali pake tangu wiki ya tisa.

Nikamwambia kesho nitasema darasani, mwalimu mkuu apende asipende, ila sitaki kumweka tena mbele ya watu bila ruhusa yake. Akatazama uwanja, madimbwi yaliyokuwa yakikauka.

"Sema yako, Mwalimu. Yangu niachie mwenyewe."

Wiki ya kumi na mbili, Jumanne

Mbingu zilifunga asubuhi, mvua ya mwisho mwisho. Sikuisubiri ikome.

Niliwaambia waweke mikono juu ya dawati, kwa mazoea, kisha nikawaambia waitoe, leo hakuna ukaguzi. Nikasema kwa sauti niliyo nayo. Kwamba kanuni ya pili niliyowapa haifai kwa kila sikio. Sikio linalouma au linalotoa usaha halitiwi maji wala sabuni, hupelekwa kwa tabibu. Kwamba nililijua hilo kabla wao hawajazaliwa. Kwamba niliona ugonjwa nikauita uchafu, na kutosikia nikakuita kiburi, na saa yangu ilipokufa nilimwita mtu muongo. Kwamba kuna jina limezaliwa humu ndani kutokana na somo langu, na mimi nilicheka, na tangu leo atakayelitamka ajue anatamka aibu yangu.

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo swali la saba tumekosa wote?"

"Mmejibu nilichowafundisha. Aliyekosa ni mmoja."

Ndipo yeye akasimama, bila kuitwa.

"Mwalimu, naomba lile sikio."

Nikampa. Alilikumbatia kifuani kwa sababu ya uzito, akaliweka ukingoni mwa meza na kulifungua. Akaingiza kidole, akakibandua kiwambo ambacho mzee wangu alikigundisha kwa gundi ya mbao, akakiinua juu watu wakione. Nilitazama huku na huku nikitafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja tu, dawati la mwisho karibu na mlango.

Alianza kueleza. Nadhani alieleza vizuri, kwa sababu walioko mbele waliinama kuelekea kwake na mmoja akauliza kitu na akajibiwa. Lakini kule nyuma, na bati lile, na mvua ile, maneno yalinifikia nusu nusu. Niliegemea mbele. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio. Haikusaidia sana.

Basi nikafanya alichokuwa akifanya yeye. Nilimtazama mdomo.